Kubadili guta la petroli kuwa la umeme: mfumo wa volti 48 wa vipande vinavyochomoka

Guta la mizigo la cc 200, ambalo wengine huliita toyo, linakubali umeme bila shida. Halikimbii, linasimama kila baada ya mita chache, jioni linalala palepale lilipolala jana, na chini ya bodi kuna nafasi ya kutosha. Mwongozo huu ni wa fundi anayejua kuchomelea na kusoma multimita, anayetaka kutoa injini na kuweka mfumo wa volti 48 uliogawanywa vipande: betri mbili zinazochomoka, kontrola, mota yenye difu yake, na chaja mbili. Kila kipande kina plagi au boliti zake. Kontrola ikifa Jumanne, inatoka kontrola peke yake. Guta halilali gereji wiki nzima eti kwa sababu kila kitu kimefungiwa ndani ya sanduku moja ambalo hakuna wa kulifungua.

Kwa nini 48 na si 72

Bodaboda nyingi za umeme zinatumia volti 72, kwa hiyo swali hili haliepukiki. Jibu lipo kwenye namba 60. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 100, inayohusu usalama wa magari ya umeme, inaanza kudai kinga za volti kubwa pale umeme wa DC unapozidi volti 60. Seli 16 za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti) zikifungwa kwa mfululizo zina volti 51.2, na zikijaa kabisa kwa 3.65 kila moja zinafika 58.4. Zinabaki chini ya mstari hata zikiwa zimejaa. Betri ya seli 24 ikijaa inafika 87.6, na mkono wenye jasho la mchana wa Tanga hapo utaujua umeme.

Gharama ya uamuzi huu ni ampea. Nguvu ileile kwenye volti 48 inahitaji mkondo mara moja na nusu ya ule wa 72, kwa hiyo kebo ni nene na viungo lazima viwe safi. Kwa chombo kisichozidi kilomita 45 kwa saa, hiyo ni bei ndogo. Ukitaka zaidi ya kilowati 6 za kuendelea, nenda 72 na ufuate taratibu zake.

Usidanganywe na maneno "volti ndogo". Haikurushi, ila inaunguza. Spana ikiangukia ncha mbili za betri hii hupitisha ampea elfu kadhaa kwa kufumba na kufumbua, na itajichomelea hapohapo. Vua pete na saa. Zungushia mpini wa kila spana utepe wa umeme kabla hujafungua boksi la seli.

Hesabu kwanza, duka baadaye

Chukua guta tupu la kilo 350, dereva wa kilo 70 na mzigo wa kilo 480: jumla kilo 900. Kwenye lami tambarare, msuguano wa tairi unakula kama asilimia 1.5 ya uzito: 900 × 9.81 × 0.015 = nyutoni 132. Upepo, ukienda kilomita 40 kwa saa na bodi yako pana, unaongeza nyutoni 87 hivi. Jumla 219. Zidisha kwa mita 11.1 kwa sekunde, unapata wati 2,430 kwenye tairi. Gia, mota na kontrola kwa pamoja hupitisha kama asilimia 78 ya kinachotoka kwenye betri, kwa hiyo betri inatoa kilowati 3.1, yaani ampea 61.

Mlima ndio unaoamua ukubwa wa mota. Mteremko wa asilimia 8 ni wa kawaida Mwanza au Kigali. Kuupanda na kilo 900 kunadai nyutoni 706 za uzito pamoja na 132 za tairi, jumla 838. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hizo ni kilowati 3.5 kwenye tairi na 4.5 kwenye betri, karibu ampea 90. Tairi ya 5.00-12 ina nusu kipenyo cha sentimita 27.5 hivi, kwa hiyo ekseli inadai nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita (Nm) 230. Kwa difu ya 1:10, ukihesabu na kinachopotea kwenye gia, mota inatoa karibu Nm 26. Kwa difu ya 1:12, Nm 21.

Mota ya kilowati 4 kwa mizunguko 3,000 ina Nm 12.7 za kuendelea. Kuidai mara mbili yake kwa dakika tatu nne ni sawa, kwa nusu saa ni kuipika. Hapo ndipo difu inapochaguliwa: kwa mota inayofika mizunguko 4,000, difu ya 1:10 inakupa kilomita 41 kwa saa na ile ya 1:12 inakupa 34. Dar es Salaam au Tanga, chukua 1:10. Mwanza, Arusha, Bukoba, Kigali, chukua 1:12 na usisikilize anayelalamika kuhusu spidi. Mota ya kilowati 3 inauzwa sana kwa sababu ni rahisi, na tambarare inatosha. Mlimani ndipo utakaposikia harufu ya vanishi ya koili za mota ikiungua.

Umbali: ukienda na mzigo na kurudi mtupu, wastani ni wati-saa 65 kwa kilomita. Ongeza za kusimama na kuondoka, uweke 75. Betri mbili za volti 51.2 na ampea-saa 50 zina wati-saa 5,120. Tumia asilimia 85 tu, unapata kilomita 55 hadi 60. Kujaza zote mbili kutoka karibu sufuri hunywa kama yuniti 6 za LUKU, pamoja na kinachopotea kwenye chaja. Mwenye njia ndefu anaongeza betri ya tatu ya aina ileile, na hapo ndipo faida ya kujenga kwa vipande inapoonekana.

Vifaa

- Mota isiyo na brashi, volti 48, kilowati 4, yenye sensa za hall (zinazoiambia kontrola mota imefika wapi katika mzunguko) na sensa ya joto, ikiwa imefungwa kwenye ekseli yenye difu.
- Kontrola ya volti 48 inayopangika kwa simu au kompyuta, kikomo cha betri ampea 100, transista za volti 100. Zenye transista za volti 75 ni rahisi, na hufa mapema.
- Seli 34 za LFP za ampea-saa 50, za kundi moja la kiwanda: 32 za kazi, 2 za akiba. Hakikisha karatasi yake inaruhusu kutoa angalau 2C, yaani ampea mara mbili ya ampea-saa zake, hapa 100. Seli nyingi za kuhifadhi umeme wa sola zimeruhusiwa nusu hadi 1C tu.
- BMS (saketi inayolinda na kusawazisha seli) mbili za seli 16, ampea 100, zenye waya za joto.
- Fyuzi za daraja T: mbili za ampea 100 (moja ndani ya kila betri) na moja ya 125 mbele ya kontrola.
- Kontakta (swichi kubwa inayofungwa kwa koili) ya DC ya ampea 150 hadi 200, koili ya volti 48 ya kukaa imewaka muda wote, pamoja na dayodi ya kuzima msukumo wa koili.
- Rezista ya omu 100, wati 25, kwa ajili ya kujaza kapasita.
- Kibadilishi cha 48 kwenda 12, ampea 20, kilichotenganishwa ndani (hasi ya 48 na hasi ya 12 haziungani), kwa taa, honi na waipa.
- Chaja mbili za LFP za ampea 10, zilizopangwa volti 57.6.
- Kebo laini ya shaba: 25 mm² kwa njia kuu na fezi za mota (waya zake tatu nene), 16 mm² kwa kila betri.
- Plagi sita za Anderson SB120 za bluu: mbili za betri, mbili za gari, mbili za chaja.
- Swichi ya dharura, swichi ya ufunguo, akseleta, swichi ya rivasi, swichi za breki.

Maneno mawili kuhusu fyuzi, maana hapo watu hubana pesa. Fyuzi za muziki wa gari zimetengenezwa kukata volti 32. Ukizipa 58, uzi unayeyuka kisha cheche inaendelea kuwaka palepale ulipokuwa uzi, na umeme unapita kana kwamba hakuna kilichotokea. Zile ndogo za kufungia kwenye ncha ya betri zimeandikwa 58, na betri yako ikijaa kabisa ni 58.4. Daraja T hukata volti 125 na kuendelea, hata mkondo ukifika maelfu ya ampea. Hapo usibane.

Rangi ya bluu nayo si pambo. Plagi za Anderson za rangi tofauti zina meno tofauti ndani, haziingiliani, na bluu ni ya volti 48. Hazina dume wala jike, hivyo plagi ya betri inaingia kwenye gari au kwenye chaja. Betri iliyo kwenye chaja haiwezi kuwa kwenye gari, na hilo linazuia mtu kuondoka akiburuta waya wa ukutani.

Kujenga betri

Seli zikifika, pima kila moja kabla ya kumlipa mtu salio. Zilizosafirishwa vizuri huonyesha kati ya volti 3.28 na 3.31, zikipishana kwa milivolti chache. Inayosoma 3.20 wakati wenzake wote ni 3.30 irudishe, hata kama itajaa ukiichaji. Pima ukinzani wa ndani kwa kipimo cha waya nne na upange seli kwenye makundi mawili yenye wastani unaolingana. Seli iliyovimba ubavuni usiijadili.

Ncha ni za alumini, na alumini hujivika oksidi ambayo huioni kwa macho. Zipige msasa wa namba 400, zifute kwa spiriti, kisha funga daraja la shaba ndani ya dakika chache. Boliti za M6 zinatosheka na Nm 4 hadi 6, na spana ya kupima nguvu si anasa hapa: uzi wa alumini ukikatika, seli nzima imekwenda. Kati ya seli na seli weka karatasi ya fiberglasi ya milimita moja. Ngozi ya bluu inayofunika seli ni nyembamba kama ya kitunguu, na bati lililo chini yake lina umeme. Mtikisiko wa barabara ya vumbi huichana ndani ya miezi.

Kusawazisha ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Funga seli kwa mfululizo na BMS, chaji mpaka seli ya kwanza ifike 3.50, simamisha. Zifungue, zifunge zote 16 sambamba, chanya kwa chanya, kisha ziunge na pawa saplai iliyopangwa volti 3.60. Panga volti hizo *kabla* ya kuunga waya, ukiwa umepima kwa multimita na si kwa kioo cha saplai. Ukiungana kwanza halafu ukazungusha kitufe, saplai inakuonyesha volti za seli na si zake. Utazungusha hadi 5 bila kujua, na usiku seli zitajaa kupita kiasi. Acha mpaka mkondo ushuke chini ya ampea 2. Inaweza kuchukua siku nzima.

BMS: kikomo cha juu cha seli 3.65, cha chini 2.60, kusawazisha kuanzie 3.40, joto la kuchaji lisizidi nyuzi 45. Waya nyembamba za BMS zifungwe kwa mpangilio kuanzia hasi ya betri, ukipima kila moja kwenye soketi yake kabla ya kuichomeka: 3.3, 6.6, 9.9, na kuendelea. Waya mmoja ukikaa nafasi ya jirani yake, BMS inakufa kimya kimya.

Fyuzi ikae ndani ya boksi, karibu na ncha ya chanya. Boksi la bati la milimita 1.5 lenye raba chini, mpini mbili na glandi ya kebo upande wa chini litakuwa na kilo 20 hadi 25 kwa jumla. Mtu mmoja analibeba hadi ndani, kwenye soketi, na mwizi wa usiku anakuta guta tupu.

Kutoa injini, kuweka ekseli

Mwaga oili na petroli, toa injini, tanki, ekzosi na propela. Chesi ya chuma nene ibaki kama ilivyo. Usikate kiungo cha kupita ili boksi likae vizuri, badilisha boksi. Ekseli mpya ifungwe na U-boliti za springi zilezile, mota ikitazama mbele. Pima umbali wa kila tairi hadi kiungo cha mbele cha springi, kushoto na kulia. Tofauti ya zaidi ya milimita 3 italifanya guta litembee upande na kula tairi. Jaza difu oili ya gia 80W-90 hadi kwenye tundu la kipimo, maana ekseli hizi mara nyingi huja kavu.

Betri zikae kati ya reli za chesi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, kwenye trei ya chuma cha pembe yenye matundu ya kutoa maji. Zikiwa juu ya bodi, guta linapata kichwa kizito na kona ya kwanza itakukumbusha.

Breki ziangaliwe sasa. Injini ilikuwa inakushikilia mteremkoni bila wewe kuhesabu. Mota haitafanya hivyo kwa kiwango kile. Ngoma za nyuma ziwe na bitana mpya, na breki ya mkono ishike guta lenye mzigo kamili mlimani. Bila hiyo usiendelee.

Waya

Njia ni hii: kila betri, plagi ya bluu, sehemu ya kuungania ya shaba, fyuzi ya 125, kontakta, kontrola. Hasi zinakwenda moja kwa moja. Hasi ya volti 48 *isiguse chesi* popote. Chesi ni ya volti 12 peke yake, na ndiyo sababu kibadilishi kiwe kile kilichotenganishwa. Ukimaliza, pima kutoka chanya hadi chesi na kutoka hasi hadi chesi. Namba izame taratibu kuelekea sufuri. Ikikaa palepale kwenye 51, kebo ya upande ule mwingine imechubuka na inagusa chuma.

Koili ya kontakta inalishwa kupitia fyuzi ya ampea 5, ufunguo na swichi ya dharura, kwa mfululizo. Rezista ya omu 100 inavuka kontakta, ikipewa umeme kwenye hatua ya kwanza ya ufunguo. Ndani ya kontrola kuna kapasita za kama milifaradi 6 ambazo zikiwa tupu ni sawa na shoti kwa sehemu ya sekunde. Kontakta ikizifungia bila maandalizi, utasikia "tak!" kavu, na baada ya siku chache za "tak!" nyuso zake za ndani zimegandana na ufunguo hauzimi kitu. Omu 100 na milifaradi 6 zinahitaji sekunde 3 kujaa, kwa hiyo dereva aambiwe: hatua ya kwanza, hesabu tatu, hatua ya pili.

Vichwa vya kebo vibanwe kwa koleo la haidroliki lenye meno ya pembe sita. Nyundo na patasi hazifai, wala risasi ya kuchomelea peke yake, kwani kiungo kikipata joto risasi inalainika na kebo inachomoka. Jaribio la kiungo ni hili: guta likiwa linavuta ampea 60, weka multimita kwenye milivolti, ncha moja kwenye shaba ya kebo na nyingine kwenye boliti iliyopokea kichwa. Kiungo kizuri kinasoma 5 au 6. Kikivuka 20, kikate na ukibane upya, hata kama kinaonekana kizuri kama cha kiwandani. Pitia kila kiungo, vipo zaidi ya kumi, na andika namba kwenye daftari. Miezi sita baadaye namba hizo zitakuambia kipi kimelegea kabla hakijaunguza plastiki.

Waya wa chaja ni mwembamba ilhali betri ina fyuzi ya 100, kwa hiyo weka fyuzi ya ampea 20 ya volti za DC zinazotosha kwenye waya huo, jirani na plagi ya bluu.

Betri mbili kwa pamoja

Hapa ndipo mfumo wa vipande unapodai nidhamu. Betri iliyojaa ikichomekwa sambamba na iliyoisha, ya kwanza inaimwagia ya pili bila kuuliza. Ukinzani wa njia nzima ni kama miliomu 40. Tofauti ya volti 2 inaleta ampea 50 papo hapo. Sheria ya gereji: tofauti isizidi volti 0.3 ukipima kwenye plagi, na zichajiwe zote mbili hadi mwisho kabla ya kuunganishwa. Usiamini volti peke yake katikati ya safari, kwa kuwa LFP huonyesha karibu volti zilezile ikiwa na asilimia 40 au 70. Waulize BMS kupitia simu.

Dereva akilazimika kwenda na betri moja, kontrola ipunguzwe hadi ampea 50. Nyingi zina hatua tatu za mwendo. Hatua ya kwanza ipange hivyo na uiite "betri moja".

Mipangilio ya kontrola

Mkondo wa betri 100. Mkondo wa fezi 250 mwanzo, uongeze tu kama mota haipati moto. Nguvu ianze kupungua kwenye volti 46 na kukatwa kwenye 44, yaani 2.75 kwa seli. BMS inakata kwenye 2.60, na makusudi ni kwamba isifikiwe kamwe: BMS ni mlinzi wa mwisho, si breki ya kila siku. Joto la mota lianze kupunguza nguvu kwenye nyuzi 110 na kukata kwenye 130.

Kurudisha umeme wakati wa kufunga breki kunavutia, na kumeua kontrola nyingi. Betri iliyojaa asubuhi, guta linashuka mlima, mota inasukuma umeme, seli moja inafika 3.65, BMS inafungua njia. Umeme wa mota hauna tena pa kwenda, volti zinaruka juu ya uwezo wa transista, na kontrola inakwisha hapo. Weka kikomo cha ampea 15 hadi 20, na kipengele hicho kizimike volti zikifika 57. Kwa mji tambarare kizime kabisa, faida yake ni ndogo.

Akseleta ina waya tatu: volti 5, hasi, na ishara inayopanda kutoka 0.8 hadi 4.2 hivi. Waya wa hasi ukikatika, ishara inapanda juu na kontrola nyingi zinaelewa "nenda". Panga kikomo cha hitilafu kwenye 4.5, kisha jaribu: tairi zikiwa juu, chomoa waya huo. Mota isizunguke. Ikizunguka, kontrola hiyo haifai kubeba watu.

Kuwasha mara ya kwanza

Inua ekseli ya nyuma juu ya stendi. Badala ya fyuzi ya 125, weka kwa muda ya ampea 10. Endesha utaratibu wa kontrola wa kujifunza mota, kisha bonyeza akseleta kidogo. Bila mzigo inavuta ampea 3 hadi 6 na kuzunguka laini. Ikitetemeka, ikinguruma au kuvuta ampea nyingi bila kuzunguka, mpangilio wa fezi na hall haukubaliani: badilisha fezi mbili kati ya tatu na urudie. Mota inayozunguka vizuri lakini kinyumenyume haihitaji kuguswa waya, mwelekeo unageuzwa kwenye programu.

Kisha rudisha fyuzi ya 125 na utoke mtupu, kilomita 5, ukigusa kila kiungo kwa mgongo wa mkono unaporudi, ufunguo ukiwa umezimwa. Halafu nusu mzigo. Halafu mzigo kamili kwenye mlima mkali kuliko yote ya njia yako.

Yanayoharibika

Guta linakata ghafla mlimani, linawaka tena ukizima na kuwasha: seli moja inazama chini ya 2.60 ukiivuta. Fungua programu ya BMS mtu mwingine akiendesha, uone ni ipi. Kabla ya kuilaumu seli, pima daraja lake, mara nyingi boliti imelegea.

Linaruka-ruka likianza na kutulia likikimbia: hall moja imekufa au plagi yake imeingia maji. Zungusha tairi kwa mkono ukipima waya za njano, kijani na bluu; kila moja ipige 0 na 5 kwa zamu. Plagi hii ndiyo ya kwanza kuoza pwani. Ijaze grisi ya silikoni siku ya kuifunga.

Taa zinafifia, honi inakohoa: kibadilishi kimezidiwa. Spika za matangazo za wati 200 ziwekewe kibadilishi chao.

Masafa yamepungua ghafla kwa theluthi: tazama upepo wa tairi na kama ngoma ya breki inashika, kabla ya kuishuku betri. LFP haichoki kwa wiki moja.

Makaratasi na kuhifadhi

Kadi ya gari inaandika namba ya injini na aina ya mafuta, na wewe umeondoa vyote viwili. Tanzania mabadiliko hayo yanapelekwa TRA, Kenya NTSA, na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi kabla guta halijabeba mzigo wa kwanza. Piga picha za ekseli, betri, fyuzi na swichi ya dharura ukiwa unajenga. Mkaguzi ataziuliza wakati bodi imeshafunika kila kitu.

Guta likisimama zaidi ya wiki mbili, acha betri kwenye asilimia 50 hadi 60, zichomoe, ziweke kivulini. BMS yenyewe hunywa kama miliampea 20 hata isipotumika, kwa hiyo betri iliyoachwa nusu itakauka baada ya siku 50 hivi, na iliyoachwa na asilimia 10 itakauka kabla hujarudi kutoka likizo.